Picha, Kielelezo na Jina: Historia ya Kuyatambua Maua ya Jangwani

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maua ya jangwani ya kusini-magharibi mwa Afrika yalivyochorwa, yalivyopigwa picha na yalivyopewa majina, tangu karne ya 17 hadi siku zetu. Huenda msomaji akauliza jarida la istilahi lina haja gani na maua ya Namaqualand na ya jangwa la Namib, nchi ambazo Kiswahili si lugha ya wenyeji. Haja ipo, nayo ni kubwa. Mtu aliyepata kwenda uwandani akarudi na picha mia mbili za maua, kisha akaketi kuyatafutia majina, anajua kwamba macho humfikisha nusu ya njia tu. Nusu iliyobaki huhitaji maneno: ua lilikuwa na sehemu zipi, zimepangwaje, lilimea katika udongo gani, na watu wa mahali pale waliliitaje. Lugha isiyokuwa na maneno hayo itabaki kuyatazama maua bila kuweza kuyatofautisha.

Namaqualand ni eneo la kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, chini ya mto Orange. Kwa kipimo cha mvua ni nusu jangwa, kwani sehemu zake nyingi hupata chini ya milimita 250 kwa mwaka, tena mvua hiyo hunyesha wakati wa baridi. Hata hivyo mimea yake ni takriban aina 3,500. Mwezi wa Agosti na Septemba, ikiwa mvua imekuwa njema, mashamba yaliyoachwa na mabonde ya Springbok na Kamieskroon hufunikwa na maua ya rangi ya machungwa, manjano na nyeupe mpaka udongo usionekane. Baada ya wiki chache joto huongezeka, maua hukauka, na nchi hurudia ukavu wake. Kaskazini ya mto huo ndipo linapoanza jangwa la Namib, linalofuata pwani ya Namibia hadi kusini mwa Angola. Huko mvua ni haba zaidi, na mimea mingi huishi kwa ukungu wa bahari na maji yaliyo chini ya mito mikavu.

Safari ya kwanza kubwa iliyotuachia michoro ya mimea ya nchi hiyo ilifanywa mwaka 1685. Simon van der Stel, kamanda wa Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi Mashariki huko Rasini, aliondoka mwezi wa Agosti mwaka huo akitafuta milima ya shaba ambayo habari zake zililetwa na Wanama. Alirejea mwezi wa Januari 1686. Katika msafara wake alikuwamo Hendrik Claudius, mtu aliyejua dawa na uchoraji, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mimea, wanyama na watu waliokutana nao. Alichora, miongoni mwa vingine, ule mshubiri mkubwa wenye umbo la mti ambao matawi yake Wanama na Wasani waliyatoboa ndani wakayafanya podo za mishale. Michoro hiyo haikuachwa mitupu. Iliandamana na maelezo ya mahali mmea ulipoonekana na namna watu walivyoutumia. Mtu wa leo anayefungua michoro hiyo anaweza kuitambua mimea mingi, wala si kwa sababu mkono wa mchoraji ulikuwa na ufundi wa ajabu, maana haukuwa nao sana. Huitambua kwa sababu ya maelezo hayo.

Yaliyompata Claudius baada ya safari yanafaa kukumbukwa, kwa kuwa tutayarudia mambo yanayofanana nayo mbele. Mwaka 1685 padri Mfaransa, Guy Tachard, alipitia Rasini akielekea Siam. Alikutana na Claudius akapata kwake habari za nchi ya ndani pamoja na ramani na michoro. Tachard aliporudi Ulaya alichapa kitabu, akamtaja waziwazi mtu aliyempa habari. Kampuni ilihesabu kwamba siri zake zimetolewa kwa taifa shindani, na Claudius akafukuzwa Rasini. Hata shajara rasmi ya safari ilitoweka katika kumbukumbu za Kampuni. Baada ya miaka zaidi ya mia mbili ilionekana katika maktaba ya Trinity College, Dublin, ikachapishwa mwaka 1932. Picha ya ua, basi, tangu zamani ilikuwa pia habari ya mahali ua lilipo, na habari ya mahali ilikuwa na thamani yake na wenyewe walioitaka.

Karne ya 18 ilileta utaratibu mpya wa majina. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden alichapa kitabu kilichoupa kila mmea majina mawili, la jenasi na la spishi, na kazi yote ya kutambua mimea ikaanza kuegemea utaratibu huo. Pamoja na majina hayo kulihitajika ushahidi, nao ulikuwa mmea wenyewe: umebanwa kati ya karatasi, umekaushwa, umebandikwa, na umeandikiwa nani aliuchuma, wapi na lini. Hicho ndicho tunachokiita hapa kielelezo. Francis Masson, mtu wa kwanza kutumwa na bustani ya Kew kukusanya mimea ng'ambo, alifika Rasini mwaka 1772, akasafiri kaskazini pamoja na Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus. Mwaka 1776 ule mshubiri wa podo ulitangazwa kwa jina la Masson la Aloe dichotoma. Mwaka 2013 wataalamu waliuhamisha katika jenasi nyingine, na sasa huitwa Aloidendron dichotomum. Watu wa Namaqualand wao wanaendelea kuuita mti wa podo, katika Kiafrikana chao, kama walivyouita babu zao. Tunalitaja hili kwa sababu wako wenzetu wanaodhani jina la Kilatini ni nguzo isiyotikisika na jina la kienyeji ni maneno ya kupita. Mara nyingi mambo huwa kinyume.

Kielelezo kilichokaushwa kina upungufu wake, na upungufu huo ndio uliomweka mchoraji kazini hata baada ya Linnaeus. Kikishabanwa, umbo hupotea. Kikishakauka, rangi hugeuka kahawia. Kwa mimea ya jangwani shida huzidi, kwani mingi ina majani au mashina manene yaliyojaa maji. Ukiibana huoza kabla ya kukauka, na mingine huendelea kuishi ndani ya karatasi kwa miezi. Ndiyo maana mimea kadhaa ya huko ilijulikana kwa michoro kabla ya kujulikana kwa vielelezo. Mfano ulio bora ni ule mmea wenye miiba na maua mapana ya rangi ya nyama unaoitwa leo Hoodia gordonii. Robert Jacob Gordon, askari aliyekuwa katika utumishi wa Kampuni, aliuchora karibu na mto Orange mwishoni mwa miaka ya 1770, na Masson aliupa jina la Gordon katika kitabu chake cha mwaka 1796 kwa kuutegemea mchoro huo.

Wasani walikuwa wakiutafuna mmea huo kuzuia njaa na kiu katika mawindo marefu. Mwaka 1996 taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini ilipata hataza juu ya kiini chake cha kuzuia njaa, bila Wasani kushirikishwa, na mwaka 2003 tu ndipo mapatano ya kugawana faida yalipotiwa sahihi. Mchoro wa Gordon ulihifadhi umbo na kulihifadhi jina la Gordon. Ujuzi wa waliomtangulia ulikuwa umebaki katika lugha zao, ambako aliyetaka kuusahau aliweza kuusahau kwa miaka mia mbili.

Hapo tunafika kwenye kisa ambacho, kwa maoni yetu, kila mtu wa istilahi katika Afrika angepaswa kukijua. Mwaka 1859 Friedrich Welwitsch, Mwaustria aliyekuwa akifanya kazi kwa serikali ya Ureno, aliuona karibu na Cabo Negro, kusini mwa Angola, mmea usiofanana na kitu chochote alichopata kukiona. Una shina fupi pana kama kisiki kilichokatwa, na majani mawili tu. Majani hayo hukua maisha yote ya mmea, yakichanika kwa upepo na kuburuzwa mchangani, na maisha hayo yaweza kupita miaka 1,000. Welwitsch alipendekeza jenasi yake iitwe Tumboa, kutokana na jina alilolisikia kwa wenyeji, tumbo au n'tumbo. Joseph Hooker wa Kew, aliyeuchunguza mmea huo na kuueleza, alimwomba Welwitsch ruhusa ya kuupa jina lake yeye Welwitsch. Mwenyewe alikubali, na mwaka 1863 ukatangazwa kwa jina la Welwitschia mirabilis. Baadaye kanuni za kimataifa za majina ya mimea zililihifadhi rasmi jina la Welwitschia na kulikataa la Tumboa.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Tunamwonya lakini asiharakishe. Kufanana kwa sauti kati ya neno la pwani ya Angola na neno letu hakuthibitishi undugu wa maana. Ingelazimu kwanza kujua lugha iliyotajwa, ngeli ya neno na toni yake, na mambo hayo hayawezi kupatikana kutoka katika herufi tano zilizoandikwa na mgeni. Inatosha kusema kwamba neno la lugha ya Kiafrika lilikaribia kuwa jina la kisayansi la mmea wa ajabu kuliko yote ya jangwa lile, na kwamba waliolisema mara ya kwanza hawakuulizwa lilipoondolewa. Waherero nao huuita onyanga. Jina hilo halikupata kufika Kew kwa wakati.

Katika kisa hicho hicho picha nayo ina nafasi yake. Mwaka 1861 mchoraji Thomas Baines na mfanyabiashara James Chapman walianza safari kutoka Walvis Bay kuelekea maporomoko ya Victoria. Chapman alichukua kamera, nao ni miongoni mwa wasafiri wa mwanzo kujaribu kupiga picha katika nchi hizo. Katika bonde kavu la mto Swakop Baines aliikuta Welwitschia, akaichora. Kitu kilichofika Kew kikamsaidia Hooker kilikuwa mchoro wa mkono wa Baines pamoja na koni za mmea huo, wala hakikuwa picha ya kamera. Ni rahisi kuelewa sababu. Kamera za wakati ule zilitumia vioo vilivyopakwa dawa, ambavyo ilipasa kutiwa dawa, kupigwa na kusafishwa vingali vibichi, katika joto na vumbi, na kwa maji ambayo watu na ng'ombe waliyahitaji zaidi. Tena picha zenyewe zilitoa weusi na weupe tu. Ua jekundu na jani la kijani vyaweza kuonekana katika picha ya namna ile kwa weusi uliolingana.

Kwa hiyo kamera, ambayo ilikuwa imetangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839, ilichukua karibu miaka mia moja kabla ya kufaa kwa maua. Bamba za rangi za ndugu Lumière wa Ufaransa zilianza kuuzwa mwaka 1907, lakini zilihitaji mwanga mwingi na muda mrefu, na ua la jangwani halitulii mbele ya upepo. Filamu ya Kodachrome ya mwaka 1935 ndiyo iliyowawezesha wasafiri wa kawaida kurudi na rangi zinazoaminika. Kuanzia hapo vitabu vya maua vya kubebwa safarini vikaanza kuwa vya picha. Afrika Mashariki nayo ilikipata cha Michael Blundell mwaka 1987. Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha, huandika saa na tarehe, na huonyesha mahali kwa kipimo cha mita chache. Tangu mwaka 2008 upo mtandao wa iNaturalist ambamo watu huweka picha za viumbe na wengine huzitambua, na tangu mwaka 2017 kompyuta zake hupendekeza majina zenyewe.

Mtu angedhani basi kwamba shida imekwisha. Haijaisha, na maua ya Namaqualand yenyewe ndiyo yanayoonyesha sababu. Tuchukue yale ya rangi ya machungwa yanayofunika mabonde, ambayo ni ya familia moja na alizeti. Mpiga picha hungoja jua lipande, kwa kuwa maua haya hufumbua katika joto la mchana tu, baina ya asubuhi iliyokwisha kupevuka na alasiri. Siku ya mawingu hubaki yamefumba. Yakifumbua hulielekea jua, hivyo mpiga picha hulipa jua kisogo, akapata uwanja mzima unaomtazama. Picha hiyo huwa nzuri sana. Kwa utambuzi haifai karibu kitu, kwa sababu Dimorphotheca, Ursinia, Gazania na Arctotis, jenasi nne tofauti, zaweza kuonekana sawa kwa mtu aliyezitazama kutoka juu. Wakulima wa Kiafrikana wa huko nao huziita kadhaa kati ya hizo kwa jina moja la gousblom.

Tofauti ziko chini. Ukiligeuza ua la Dimorphotheca utaona majani madogo membamba yenye ncha, yaliyopangwa safu moja. Ursinia ina safu kadhaa, na yale ya ndani yana ncha za mviringo nyembamba kama karatasi. Katika Gazania majani hayo yameungana yakawa kikombe kimoja kigumu. Arctotis ina safu nyingi, za nje zenye ncha nyembamba na za ndani pana zenye ukingo wa utando. Jina lenyewe la Dimorphotheca ni la Kiyunani, na maana yake ni kwamba matunda yake yana maumbo mawili, kwani yale ya ukingoni hayafanani na ya katikati. Aliyetunga jina alitutajia alama ambayo picha iliyopigwa kutoka juu haiwezi kuionyesha hata ingekuwa kali namna gani. Kwa sababu hiyo waliozoea kazi ya uwandani hupiga kila mmea picha kadhaa: mmea wote na mahali ulipo, jani pande zote mbili, ua kwa mbele, kwa ubavu na kwa chini, tunda likiwapo, na kitu cha kupimia ukubwa kando yake. Na kwa mimea ambayo dume na jike ni miti mbalimbali, kama vile Welwitschia na ule mtikiti wa miiba wa Namib uitwao !nara, hupiga ya wote wawili. (Alama ile ya mshangao si kosa la mpiga chapa. Ni sauti ya kudoa ulimi katika Kinama, nasi tungeshauri iachwe ilivyo kuliko kuiandika nara, ambayo itamfanya msomaji adhani ni neno jepesi.)

Tukisema hayo kwa Kiswahili, tunakwama mara moja. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba ua lina sepali, petali, stameni na pistili, na istilahi hizo zimo katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa mwaka 1990. Zinatosha kwa hibiskasi. Kwa alizeti na jamaa zake zinapotosha, kwa sababu kile ambacho mtoto angekiita petali ya alizeti ni ua zima lenye petali zake zilizoungana, na lile duara la kahawia la katikati ni mamia ya maua madogo yaliyosongamana. Mkulima wa alizeti wa Singida au Dodoma analijua jambo hili kwa mikono yake, kwani anajua kwamba kila mbegu imetoka katika kijiua chake. Lugha yake tu ndiyo ambayo haijapewa nafasi ya kulisema darasani. Tungependekeza duara zima liitwe kichwa cha maua. Vile vya ukingoni viitwe vijiua ndimi, kwa kuwa Kilatini nacho kiliviita kwa ulimi na umbo lenyewe ni la ulimi, na vya katikati viitwe vijiua neli.

Yale majani madogo yaliyo chini ya kichwa yana ugumu zaidi. Kuyaita vijani haiwezekani, maana kijani kimekwisha kuwa rangi. Kikombe kitachanganywa na kikombe cha sepali. Wako wanaotaka brakti, nalo lina faida ya kueleweka na wataalamu wa lugha nyingine. Sisi tungependa kwanza lijaribiwe neno ngata. Mwanamke anayebeba mtungi huweka ngata kati ya kichwa na mzigo. Hapa majani haya yamekaa chini ya kichwa cha maua yakikishikilia, yamepangwa duara vilevile. Majani ya ngata, safu moja au safu nyingi, yenye ncha au yaliyoungana: kwa maneno hayo machache zile jenasi nne zinaweza kutenganishwa na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Istilahi za maumbo ni upande mmoja. Upande wa pili ni majina yenyewe, na hapa historia ya Namaqualand inatugusa kwa karibu zaidi. Jenasi moja kubwa ya mimea minene ya huko iliitwa na Jakob Breyne Mesembrianthemum, kwa Kiyunani ua la adhuhuri, kwa kuwa aina alizozijua zilifumbua mchana. Baadaye zikapatikana aina zinazofumbua usiku. Johann Jacob Dillenius akabadili herufi moja, i ikawa y, na maana ikageuka: badala ya adhuhuri jina likataja kiini kilicho katikati ya ua. Ni ujanja wa kupendeza. Lakini unaonyesha pia kwamba jina lililotungwa mezani kutokana na aina chache huweza kukanushwa na uwanda. Jina linalochukuliwa kwa watu wanaoishi na mmea huwa limekwisha pimwa kwa misimu mingi.

Kwetu sisi kazi ya kukusanya majina hayo ilianza vizuri. Padri Charles Sacleux alikusanya mimea ya Zanzibar na ya bara huku akikusanya maneno, na kamusi yake ya mwaka 1939 hutaja mara kwa mara jina la kisayansi la mmea kando ya la Kiswahili. P. J. Greenway alitoa huko Amani orodha ya majina ya Kiswahili ya mimea mwaka 1937, ikafuatiwa na toleo la pili mwaka 1940. Thamani ya orodha kama hizo hutegemea kama nyuma ya jina kuna kielelezo kilichohifadhiwa, ambacho mtu wa leo anaweza kukiendea akahakikisha. Orodha nyingi zilizofuata, zikiwamo baadhi tulizozipokea kwa ajili ya kusanifishwa, zimeandika tu mti fulani, aina ya mti. Maelezo ya namna hiyo ni sawa na picha ya Dimorphotheca kutoka juu. Wakati huohuo kazi kubwa ya kueleza mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanza kuchapwa mwaka 1952, ilimalizika mwaka 2012 ikiwa na zaidi ya spishi 12,000. Ilimalizika kwa Kiingereza. Spishi zenye jina la Kiswahili lililothibitishwa ni sehemu ndogo yake, na katika nyika kavu za kaskazini ya Kenya wazee wanaoyajua majina ya Kirendille na Kiborana ya mimea ile wanapungua kila mwaka.

Tungependa basi wakusanyaji wetu wa istilahi waende uwandani na kamera, lakini pia na daftari ambalo kila picha ina ukurasa wake. Humo iandikwe jina kama lilivyotamkwa, lugha, kijiji, umri wa aliyelitaja, na kama jina hilo ni la mmea huo peke yake au la kundi zima. Na pale sheria inaporuhusu, mmea uchumwe na kukaushwa. Kanuni za kimataifa zenyewe, tangu mwaka 2007, zinataka spishi mpya itegemezwe na kielelezo halisi. Mchoro hukubaliwa kwa nadra sana, pale viumbe vidogo mno visipohifadhika.

Liko jambo moja ambalo hatukulitazamia tulipoanza kuyaandika makala haya, nalo linahusu safu ya mahali katika daftari hilo. Tangu mwaka 2019 wizi wa mimea midogo minene ya Namaqualand, hasa ya jenasi Conophytum, umeongezeka mno. Mimea hii, ambayo mingine haizidi ukubwa wa kifungo cha shati, hung'olewa usiku na kuuzwa ng'ambo kwa wakusanyaji wa mapambo, na polisi wamekamata mamia ya maelfu. Baadhi ya spishi huishi katika kilima kimoja tu. Picha iliyowekwa hadharani pamoja na kipimo chake cha mahali huweza kumwelekeza mwizi mpaka mlangoni. Ndiyo sababu mtandao tulioutaja huficha mahali pa spishi zilizo hatarini, na wanabotania wa Afrika Kusini huwaomba wageni wazime kipimo cha mahali katika simu zao kabla ya kupiga picha. Mbali na hapo, kielelezo kisichotaja mahali hakina maana kwa mtafiti.

Kwa hiyo katika fomu tunayoipendekeza tumeweka safu mbili. Ya kwanza tumeiita mahali pa jumla, yaani wilaya au bonde, ambayo itachapishwa. Ya pili tumeiita mahali hasa, ambayo itabaki katika jalada la Baraza na kuonyeshwa kwa anayestahili. Kuhusu majani ya ngata na vijiua ndimi tunangoja maoni ya walimu wa biolojia, na hasa ya wale wanaofundisha katika maeneo ya alizeti, kabla istilahi hizo hazijapelekwa mbele ya kamati ya usanifishaji.